Mkono wa Breki

Mkono wa breki ulikuwa umefungwa tena.

Maroa alikuwa amezima swichi kuu na kuipachika ndoo kwenye mnyororo wake, kama kawaida yake kabla ya kugusa chochote. Sasa alisimama mbele ya mota ya winchi inayopandisha na kushusha ndoo ya mgodini, akikitazama kipande cha tyubu ya baiskeli. Kilikuwa kimeuvuta ule mkono wa chuma nyuma kabisa, kikaukaza kwenye msumari wa ukutani. Fundo lilikuwa la kitanzi kimoja, ncha yake ndefu ikining'inia. Alipoivuta ncha, fundo lote lilifumuka. Breki ikabana: tak!

Bila shaka, alijiwazia. Fundo la mtu anayetaka kulifungua upesi akisikia hatua zangu.

"Bonface!"

Bonface, mwendeshaji wa winchi, alikuwa nje amekalia jiwe, bakuli la uji mkononi.

"Umefunga tena."

"Omera, rafiki yangu, si nilikuapia jana? Si mimi."

"Basi ni jini?"

"Majini ya hapa kwenu Kegonga mnayajua nyinyi. Mimi mtoto wa Rangwe."

Siku nyingine Maroa angecheka. Walisomea umeme pamoja Homa Bay, wakala sufuria moja, na ni yeye aliyemleta Bonface katika mgodi huu wa dhahabu. Walipoifunga breki hii mpya walipeana mikono na kuapa: hapa hakuna mtoto wa mtu atakayeanguka tena.

Ilikuwa breki ya sumaku. Umeme ukiwapo, sumaku huzivuta springi na ndoo hupanda na kushuka. Umeme ukipotea, springi hubana, na ndoo husimama papo hapo na mtu wake ndani. Kisha mwendeshaji huuvuta mkono kidogo kidogo, amshushe taratibu. Ukiufunga mkono ule, breki haipo, na hakuna atakayejua. Juu, ndoo huwekwa kwenye mnyororo. Chini, hukaa sakafuni. Watajua tu siku umeme utakapopotea ndoo ikiwa katikati.

"Wewe ndiye uliyesema kumshusha mtu kwa mkono ni kazi ya punda," Maroa alisema.

"Nilisema. Na nikaifanya."

"Cliff yuko chini, Bonface. Ndugu yangu!"

"Na mimi ni nani wako?"

"Msigombane," sauti ilitoka ndani ya banda la mota. Mama Susana, mama yake Maroa, alikuwa ameketi nyuma ya mota akisubiri vyombo vyake vya uji. Wachimbaji hawakumruhusu mwanamke kusogelea mdomo wa shimo. Dhahabu hukimbia, walisema. Kwa hivyo alingojea huko nyuma, penye kivuli. "Kwani kuna mtu ameumia? Mwache kijana wa watu."

Maroa alimwonea mama huruma. Cliff alikuwa kitinda mimba wake. Wiki iliyopita umeme ulipotea akiwa katikati ya shimo. Alipotolewa alikuwa akitetemeka, na hata ugali hakuugusa. Mgodi ulitumia laini moja ya umeme na mashine ya kusaga ya jirani yao, Mong'ina. "Ile mashine ikinyamaza tu, tumbo langu linakatika," mama alisema siku ile. "Najua mtoto wangu ananing'inia gizani kama nyama ya buchani."

Maroa alikuwa amemleta mbele ya mota akamweleza kwa upole. Aliamini watu wakielezwa vizuri huelewa. "Kinachomning'iniza ndicho kinachomwokoa, Mama. Tazama. Mkono huu ukivutwa, ndoo inashuka. Ukiachwa, inashika." Mama Susana aliugusa ule mkono kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali.

Watu wengine, lakini, wanaelewa vizuri sana na bado wanakusaliti. Alasiri hiyo Maroa alikwenda kwa Suleman, mwenye mgodi, akamwambia kila kitu. Suleman hakuuliza mara mbili.

Bonface alifunga virago vyake. Mlangoni aligeuka.

"Siku utakayomjua mwenye hilo fundo, usinipigie simu."

Maroa alirudi kwenye mota yake. Hakujua kwamba rafiki anaweza kukuibia hivi, akachukua na imani yako, kisha akakuangalia machoni.

Asubuhi iliyofuata alipuliza vumbi kwenye breki, akapima mwanya wake, akaijaribu ndoo ikiwa na mawe. Ilishika imara. Mwendeshaji mpya alikuwa mtu wa makini. Cliff aliingia ndani ya ndoo akimpungia mkono, akashuka. Mara hii Maroa alijiruhusu kwenda nyumbani kula.

Mama Susana alikuwa amesharudi kutoka mgodini, vyombo vimeoshwa na kuinamishwa juani. Alimwekea ugali na mboga, akiimba chini kwa chini. Ng'ambo ya ua, mashine ya Mong'ina ilikuwa ikinguruma.

"Kula, mwanangu. Cliff naye saa hizi ndiyo anapanda kuja kula."

"Leo una raha, Mama."

"Nina amani. Hata hiyo mashine hainitishi tena."

Maroa alitabasamu. Kumbe hata yeye alikuwa akimwogopa Bonface.

Ndama alikuwa amechomoka, akimkimbilia mamake. Mama Susana alimkamata sikio, akamkokota hadi kwenye nguzo. Alichomoa kipande cha tyubu ya baiskeli kiunoni, akakizungusha, akakikaza. Kitanzi kimoja. Ncha ndefu, ya kuvutwa kwa mkono mmoja.

Tonge lilimwanguka Maroa.

Ng'ambo ya ua, mashine ya Mong'ina ilinyamaza.