Saa ya Mbwana

Tableti ya Mbwana ilirudi ndani ya sanduku la nguo zake. Mwenyewe alizikwa huko huko ughaibuni. Mama yake, Bi Zaituni, akaipeleka kwa Sefu, fundi simu wa sokoni, aitie laini ya hapa nchini.

“Za nje wakati mwingine hukataa laini zetu,” Sefu alimtahadharisha.

Hii haikukataa. Ilipokamata mtandao tu, saa ya kwenye kioo ikaruka: 3:20 ikawa 9:20.

Bi Zaituni akashika ukingo wa meza. “Mbona umeibadilisha?”

“Imejibadilisha yenyewe, mama. Imefuata saa za hapa. Ile ilikuwa ya huko alikokuwa marehemu.”

Bi Zaituni alijua. Mbwana alizoea kumwambia simuni, “Huku ni alasiri, mama, na kwako asubuhi, lakini saa yangu inasoma vile vile unavyoitaja wewe.” Kisha humwuliza ni saa ngapi, wakaitaja kwa pamoja, wakacheka. Miaka yote aliyokaa huko, mchezo wao ulikuwa huo.

“Irudishe ya kule, mwanangu.”

“Itakuchanganya, mama.”

“Haijawahi kunichanganya.”

 Sefu akaingia kwenye mipangilio, akahangaika nayo dakika kadhaa, akairudisha kwa mkono. Bi Zaituni akakinga kioo kwa upindo wa kanga, jua lisimzuie kuona, akainama.

“Saa tatu na nusu,” akataja taratibu, akiiachia nafasi sauti ya pili.