Ukuta wa Jikoni

Pakipatikana kisukuku, mfupa wa kale wa baharini uliogeuka jiwe, bahari hurudishiwa ardhi hiyo. Ndiyo sheria, na mimi ndiye mtafutaji. Kutwa nainama kwenye majabali ya pwani nikilamba mawe. Jiwe tupu huuachia ulimi; mfupa huung'ang'ania. Ukiung'ang'ania, napaka alama nyekundu, watu wanahama, maji yanaingia. Leo nimepaka kwa shangazi yangu. Hakuniaga.

Nimerudi nyumbani mgongo umekufa ganzi. Chengo, mume wangu, alikuwa amebandua plasta jikoni ili azibe ufa. Nyumba yetu ni ya matumbawe yaliyochimbwa hapa hapa kiwanjani.

"Mama Sidi, hebu tazama hiki."

Kilifanana na uti wa samaki, mrefu kama mkono wangu. Sikuwa na nguvu hata za kupiga magoti, lakini nikapiga. Nikalamba. Ulimi ukanata.

"Vipi?"

"Jiwe tu, Baba Sidi. Ziba."

Alikoroga saruji polepole, kisha akapiga mwayo mrefu wa uchovu, nami nikauona ulimi wake. Ulikuwa mweupe kwa vumbi la ukutani.