Ukucha Chini ya Herufi Z

Kompyuta ilikataa tena. Ilidai imezeeka mno kuwekewa mfumo mpya, na kwamba walioiunda walishaitupa mkono. Zamda hakuibembeleza. Alichomeka flashi, akauruka ukaguzi, akailazimisha.

Wifi yake Mwantumu, aliyekuja kumwombea msamaha kaka yake Sudi, mume wa Zamda, alikiona kioo kikiwaka upya akapata la kusema.

"Umeona, wifi? Kikongwe hiki umekipa nafasi. Sudi naye amebadilika, amekuwa mtu mpya. Mrudishe nyumbani."

Zamda aliinamia kibodi. Mfumo ulikuwa unamuuliza jina la mtumiaji, na herufi Z ilikuwa imekwama. Enzi zake Sudi alikuwa akikatia kucha juu ya kibodi hiyo, akipuliza vipande hadi kwenye sahani ya wali ya mkewe, na akikatazwa husema, "Kwani hapa kwako?"

Zamda aliing'oa Z kwa ncha ya kisu. Chini yake, katikati ya nywele na mafuta yaliyogandamana, kulikuwa na ukucha wa manjano, umepinda kama mwezi mwandamo. Aliuchota kwa kisu kile kile, akaushika mkono wa Mwantumu, akaudondosha ukucha kiganjani.

"Mpelekee kaka yako. Alisahau kitu chake."

Kisha aliirudisha Z mahali pake, akaibonyeza. Ikaandika.

Mwantumu alibaki mlangoni, mkono ameunyoosha mbali na buibui lake, akiangaza huku na huku, asione pa kuutupa ukucha ule.