Masizi ya Haji Ghazwan

Asubuhi ya nne mfululizo, paneli za sola za Mama Narjis zilikuwa nyeusi tii.

Alipitisha kitambaa juu ya kioo, kikatoka na masizi mazito, yanateleza kwa mafuta. Damu ikamchemka. Jana tu alizisugua mpaka zikang'aa! Ni yeye yule. Nani mwingine?

Yeye mwenyewe ni Haji Ghazwan, mwenye jenereta ya mtaa. Mji wa Basra umekalia mafuta, jua linalainisha lami, gesi ya visimani inachomwa bure usiku na mchana pale nyuma ya nyumba, lakini umeme wa serikali huja saa nne tu kati ya ishirini na nne. Zilizobaki ni za Haji na dizeli yake. Mama Narjis alipouza bangili za harusi akanunua paneli, Haji alimcheka mbele za watu.

"Jua la hapa halifai kitu, binti yangu. Utarudi kwangu tu."

Na anajua fika zile paneli ni za nini! Narjis ana miaka kumi na mmoja na kifua kinachobana. Daktari kasema ni mzio, kampa mashine ya kupumulia. Paneli zikichafuka betri haijai, na betri isipojaa mashine inazima. Jana ilizima mara mbili, midomo ya mtoto ikabadilika rangi.

"Narjis, nakwenda kwa Haji. Lete hiyo leso, nitaifua nikirudi."

"Nitaifua mwenyewe, mama."

Akaisukumia chini ya mto. Siku hizi hakubali mtu aguse leso zake. Anakua, mama yake aliwaza, ameanza kuona haya.

Mama Narjis alivuka kichochoro, kitambaa cheusi mkononi. Leo atamfuta nacho usoni, mtaa mzima uone. Mke wa Haji alijaribu kumzuia mlangoni.

"Yuko juu ya paa, shoga, na hataki mtu apande."

"Hataki? Leo atataka!"

Alipanda ngazi mbilimbili.

"Haji! Huna haya wewe? Mtoto wangu anakosa pumzi kwa ajili ya..."

Haji Ghazwan alikuwa amepiga magoti, ndoo pembeni, anasugua paneli. Paneli kumi na mbili, zimefichwa nyuma ya ukuta wa paa, nyeusi tii kama zake.

"Sema polepole, mama," alinong'ona. "Wateja wangu wakijua, nimekwisha."

"Na wewe nani anakuchafulia?"

Haji alinyoosha kidole kwenye moto wa gesi. Moshi wake ulikuwa umelalia paa za mtaa mzima.

"Kila asubuhi nafuta," alisema. "Kila asubuhi."

Mama Narjis alirudi na hasira zake zote, hana pa kuzitua. Ndani, mashine ilikuwa imezima tena. Narjis alikuwa amejikunja kitandani, anakoholea leso, na safari hii hakuwahi kuificha. Mama yake alimnyang'anya, akamkumbatia mpaka pumzi ikarudi.

Alipomwachia, alikuwa na vitambaa viwili mkononi. Alivitazama, vyote vyeusi, asijue kipi ndicho alichofutia paneli.