Maji ya Udhu

"Shika Msahafu, shemeji, uape tumalize," Makame alimhimiza mjane wa kaka yake.

Hati ilikuwa tayari mezani: Mwanakombo anaiacha nyumba ya marehemu kwa hiari yake. Wakili alishafungua kalamu. Kilichobaki ni kiapo tu.

Bi Salama, meneja wa ofisi ya wakili, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyeutunza Msahafu. Aliutoa kwenye kitambaa chake, akamwona mjane anaificha mikono ndani ya kanga, akaurudisha Msahafu kifuani.

"Una udhu, mwanangu?"

"Anao," Makame akadakia.

"Sikukuuliza wewe, baba."

Mwanakombo akatikisa kichwa. Wakili akaifunika kalamu yake. Mbele ya Bi Salama, kitabu kile hakikushikwa hivihivi bila udhu.

Bi Salama akamsindikiza mjane hadi ukumbini. "Bomba liko uani," alisema kwa sauti. Kisha akanong'ona, "Na mlango wa uani hauna kufuli. Kwa kadhi ni hapo ng'ambo ya barabara tu. Kama hutaki kuapa, kamwambie yeye."

Alirudi akasimama, Msahafu kifuani, midomo ikisoma kimyakimya. Makame alitega sikio. Huko uani bomba likafunguliwa. Maji yakamwagika, yakamwagika, na hakuna aliyelifunga.