Ukungu wa Wiki Tatu

"Ukungu tena," mumewe alisema bila kugeuka.

Tausi alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Mbele yao, juu ya mashamba ya chai ya Tetu, Mlima Kenya ulikuwa wazi hadi kileleni, theluji ikimeta kama bati jipya.

Alidhani anataniwa. Lakini mzee alikuwa amekaza macho kulekule mlimani, kidole gumba kikipapasa meno ya ufunguo wa gari, jino baada ya jino.

Tangu wastaafu, wafunge nyumba Morogoro na kuvuka mpaka waje kuitembelea Nyeri bila haraka, mumewe ndiye aliyekuwa akiamka mapema kuuvizia mlima kabla mawingu hayajaufunika. Wiki tatu sasa alikuwa akirudi jikoni na jibu moja, ukungu, na Tausi akamwamini.

Mama mwenye nyumba alipita na ndoo ya maziwa. "Leo pia mlima imetoka yote, mama. Wiki tatu, kila asubuhi. Mungu ametukumbuka."

Kidole kikasimama juu ya ufunguo.

Tausi akakumbuka jana, walivyorudi kutoka Mwea, mzee akipiga honi kila kona, naye akimcheka kuwa ameanza woga. Chai ikammwagikia vidoleni. Hakuhisi moto wake. Tausi mwenyewe hajawahi kushika usukani maishani.

"Baba Nuru," aliita.

Mzee aliinuka, akashika nguzo ya baraza kwanza, kisha mkono wa Tausi.

"Gakindu, kama tulivyopanga leo, tutaenda tu," alisema polepole. "Utakuwa unaniambia kona zikifika."