Chiriku Yupo?

Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, fundi saa alichungulia kwenye mlango wa ofisi na kuuliza swali lile lile.

"Chiriku yupo?"

Karani aliacha kufuta vumbi, akawasha simu yake, akatazama orodha ya mitandao iliyo karibu. "Yupo, mzee wangu."

"Haya. Siku njema, mwanangu."

Basi, ni hayo tu, miaka mitatu sasa. Simu ya mzee mwenyewe ilikuwa ya vitufe, haikuweza kuona mtandao wowote.

Leo karani alitazama orodha, akazima simu, akaiwasha tena. Pale lilipokaa jina lile siku zote palikuwa na jina la kiwanda cha magodoro.

"Yupo?" mzee aliuliza tena.

"Karibu ukae kwanza," karani alisema, akamwonyesha benchi nyuma ya mlango.

Ofisi ile iligawa intaneti ya bure mtaa mzima, kwa michango ya watu. Aliyechanga mwaka mzima bila kukosa alipewa shukrani yake: kisanduku kimoja cha kurushia mtandao kiliitwa jina alilotaka yeye, na kila mwenye simu aliyekuwa karibu aliliona. Wengi walitaka majina yao wenyewe. Fundi saa alitaka Chiriku.

"Ni mke wangu," alisema siku ile ya kujaza fomu. "Jina hilo nilimwita mimi peke yangu. Watu wengine walimwita Mwalimu. Alikuwa anaongea, mwanangu! Hata saa zangu zilinyamaza kumsikiliza." Kisha akatazama mikono yake. "Tulilala tumenuniana. Neno nililomwambia sitaki hata kulirudia. Asubuhi napapasa upande wake, kitanda baridi."

Karani aliona haya kuuliza zaidi. Alijaza fomu taratibu, akaandika mwenyewe yale ambayo mzee hakuweza kuyatamka. Mzee naye aliuliza jambo moja tu: mtandao huo ungefika mpaka ile nyumba ya bati la kijani, nyuma ya soko? Ungefika. Karani akawaza, mzee huyu ana moyo, anawafikiria mpaka watu wa nyuma ya soko.

Sasa mkurugenzi alitoka chumbani kwake ameshika fremu, macho yake yakikwepa benchi.

"Mzee, nilitaka nikwambie mimi mwenyewe. Mlingoti wetu wa mtandao umeliwa na kutu. Ukianguka, zahanati haina mtandao, shule haina. Mwenye kiwanda cha magodoro ametununulia mpya. Sharti lake, visanduku vyote viitwe jina la kiwanda chake. Tumebadilisha leo alfajiri."

"Hakiwezi kuachwa hata kimoja tu?"

"Vyote, mzee. Nimemwomba mpaka nikajionea aibu."

"Mtaa mzima sasa tunalala godoro moja," fundi mitambo alisema kutoka pembeni, akikunja nyaya. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mwenye nguvu mpishe," alisema. Lakini hakuinuka. Alimgeukia karani. "Mwanangu, wewe unajua kuzibonyeza hizi mashine. Mrudishe japo leo tu. Hata mpaka adhuhuri."

Karani alimtazama fundi mitambo. Fundi mitambo akainua mabega: nenosiri lilikuwa limebadilishwa, nalo walikuwa nalo watu wa kiwanda.

"Samahani, mzee wangu," karani alisema.

"Atadhani..." mzee alianza, asimalize.

Karani aliinamisha uso. Aliwahi kumwona bibi yake akiongea hivyo hivyo na picha ya ukutani.

"Tumekutengenezea cheti," mkurugenzi alisema haraka, akampa fremu. "Kitakaa ukutani hapa, hakuna wa kukigusa. Karani ndiye aliyeandika."

Herufi zilikuwa za dhahabu. Karani alizipanga jana mchana kutwa, bila kuambiwa cheti kilikuwa cha nini, akitafuta mwandiko mzuri kuliko wote: *Kwa kumbukumbu ya marehemu Chiriku.*

Mzee alitoa mfukoni kile kioo chake cha kazi, akakibana jichoni. Akainamia cheti na kuanza kusoma herufi moja moja, kama mtu anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa.

Hajafika mwisho, mlango ukasukumwa kwa nguvu, ukamficha yeye na benchi lake.

Aliingia mama mmoja wa makamo. Mtandio mweusi kichwani, simu mkononi, kiatu cha mguu huu si ndugu na cha mguu ule. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, mama," karani alisema.

Mama aliweka simu mezani, mbele ya karani, kioo kikiwa kimelowa.

"Kila nikiamka naliangalia. Leo tangu alfajiri nalitafuta jina langu humu, halipo," alisema, sauti ikimkatika. "Msinifiche, wanangu. Fundi saa amefariki lini?"

Nyuma ya mlango, kioo cha fremu kilipasuka sakafuni.

"Nipo, Chiriku," mzee alisema. "Rudi nyumbani."